Kona ya Kushoto

Meja mstaafu Shigela Lusangija alipewa kiti cha mstari wa mbele, chenye mto, chini ya turubai, na tangu alipoukalia ule mto roho yake haikutulia. Mito ni ya wageni na wazee. Miaka miwili tu iliyopita yeye ndiye aliyekuwa angani, na mito wakiikalia wengine.

Mbele yake barabara ya lami ilinyooka katikati ya mashamba ya ngano hadi ikapotelea upande wa mlima Hanang. Siku nyingine zote ilikuwa barabara ya malori. Wiki hii kambi ya anga ya Gidamur ilikuwa imeifunga, kwa sababu ndege mpya ya Shirikisho, iliyoitwa Kozi kwa jina la ndege mwindaji, haikuhitaji uwanja. Ilihitaji lami ya mita mia sita, lori moja la mafuta na watu sita. Hao sita wangeweza kuifunga kamera asubuhi ikachungulie mpakani, wakazitoa na kuifunga makombora adhuhuri ikalinde anga, na jioni wakaifunga mabomu. Kila mara ikiruka tena kabla chai haijapoa. Ilikuwa ndogo, ya injini moja na ya rubani mmoja, na kwa mbali ungeweza kudhani ni mfano wa ndege uliotengenezwa kwa ajili ya maonyesho.

"Ndiyo hiyo inakuja," alisema mjumbe aliyeketi kulia kwake, mwanamke mnene mwenye miwani. Wajumbe walikuwa kumi na wawili, na wao ndio wangeamua kama Shirikisho litatengeneza nyingine sitini.

Kozi ilipita juu ya ngano chini sana, ngano ikalala, kisha sauti ikafuata nyuma yake kama iliyosahauliwa. Ilipanda wima, ikajipindua, ikashuka. Ndani yake alikuwamo Kapteni Nasieku Lukumay, mwenye umri wa miaka ishirini na tisa.

"Na huo ndio mkono wako, Meja?" aliuliza mjumbe.

"Ndio," alisema Shigela.

Hakusema uongo. Kozi haikuweza kutulia yenyewe hewani, na ilikusudiwa iwe hivyo, maana ndege iliyotulia ni nzito kugeuka. Wahandisi waliurudisha uzito wake nyuma makusudi, wakaipa bawa la pembetatu na vibawa viwili vidogo karibu na pua, ikawa kama mchi uliosimamishwa juu ya kiganja. Kila kitambo kidogo cha sekunde lazima kiganja kisogee, la sivyo mchi unaanguka. Binadamu hawezi. Kompyuta ndiyo inayoweza. Lakini kompyuta za namna hiyo zilikuwa zikija kutoka ng'ambo zimefungwa, huruhusiwi kuchungulia ndani, na siku muuzaji akinuna ndege zako zote zinageuka mabati. Shirikisho likaamua kutengeneza yake, na kwa kuwa halikuwa na nusu karne ya majaribio, likakata njia ya mkato. Likamtafuta rubani bora kuliko wote, likamvika nyaya kichwani na vihisi mikononi, likaurekodi mwili wake kwa saa mia nne angani. Kilichopatikana kiliitwa Mkono. Rubani akivuta fimbo ya kuongozea, Mkono unamalizia jinsi ambavyo Shigela angemalizia.

Kwa hiyo kila alipoiona Kozi ikiruka, alijiona. Na kila alipojiona, alimwona na yule binti amekaa humo ndani, kijana, shingo nzima, macho mawili mazima, akitumia alichokipata yeye kwa miaka ishirini na sita. Roho ilikuwa ikimuuma kama jino.

Ndege ilikata kona ya kulia, kali, bawa likitazama chini. Wajumbe walipiga makofi. Kisha ikakata kona ya kushoto, na Shigela, kwa mazoea, akahesabu kimoyomoyo. Moja. Mbili. Tatu.

Katika sekunde ya tatu ndege ililegea. Ilikuwa nusu sekunde tu, mfano wa mtu aliyekanyaga kijiwe akajirekebisha. Kisha ikakaza tena, ikamaliza kona.

Hakuna mwingine aliyeona. Shigela aliona, akaijua, na shingo yake yenyewe ikakakamaa, kwa sababu kilema kile kilikuwa chake.

Kitu cha kwanza kilichomjia moyoni, kabla ya hofu, kilikuwa furaha. Baadaye ndicho kilichomwaibisha kuliko vyote.

* * *

Ndege ilipotua, wajumbe waliinuka kwenda kupeana mikono. Walimpita Nasieku aliyekuwa bado anafungua kofia, jasho likimchuruzika, wakaja kwa Shigela.

"Hongera, Meja," alisema mwenye miwani huku akicheka. "Umetua vizuri."

Angeweza kumsahihisha. Angeweza kusema, aliyetua ni yule pale. Alitabasamu tu, akashikwa mkono na watu kumi na wawili, mmoja baada ya mwingine, na juu ya mabega yao alimwona Nasieku ametulia pembeni ya ngazi, anasubiri wamalize.

Walipoondoka, alikuja.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, Kapteni. Ndege inakusikia?"

"Inakusikia wewe, afande. Mimi naomba tu, inanisaidia." Alisema kwa adabu, lakini hakutabasamu. "Alhamisi tutawaonyesha korongo. Brigedia ameliongeza leo asubuhi."

"Korongo lipi?"

"La huku nyuma ya kambi. Tunaingia upande wa mashariki, mita sitini kutoka chini, tunakata kona moja ya sekunde tano, tunatokea kwenye ngano mbele ya wageni." Alipitisha kiganja hewani kuonyesha. "Kushoto."

Shigela alikitazama kile kiganja. Alilijua lile korongo. Kwa nje ya ile kona ukuta wa mwamba ulikuwa karibu, nafasi ya mita ishirini labda. Na kulegea nusu sekunde kwa kasi ile kungeitupa ndege nje karibu mita thelathini.

"Umelifanyia mazoezi?" aliuliza.

"Kwenye kiti cha mazoezi, mara saba leo. Halina shida."

Kwenye kiti lisingekuwa na shida. Kiti cha mazoezi hukaa chini, ndani ya chumba chenye kiyoyozi, hakina uzito wa kona. Mkono ulilegea pale tu ulipohisi mwili umekuwa mzito mara nane.

"Vizuri," alisema Shigela. "Kila la heri."

* * *

Siku iliyofuata, asubuhi, alikwenda kwa Mhandisi Paskalina Tluway, mkuu wa wahandisi wa kambi, mama wa Kimbulu mwenye sauti ya taratibu aliyeujenga Mkono kuanzia mstari wa kwanza. Alimkuta ndani ya banda la ndege, amepandisha miwani kichwani, anakula muhogo wa kuchemsha kutoka kwenye kikopo.

"Mhandisi, ile njia ya Alhamisi," alianza Shigela. "Ingekuwa bora waingie magharibi, wakate kulia."

"Jua litawapiga wageni machoni. Kwa nini kulia?"

"Ni bora tu."

Paskalina alifunga kikopo. "Meja, wewe huji kuniambia 'ni bora tu.' Ulikuwa ukinijia na namba."

Shigela alitazama ndege iliyokuwa mbele yao, imefunguliwa tumbo, nyaya zikining'inia. Chini ya pua, tundu la kuvutia hewa lilikuwa limefunikwa kitambaa ndege wadogo wasijenge kiota.

"Katika kona za kushoto," alisema polepole, "hujawahi kuona inalegea kidogo?"

"Inalegea. Sekunde ya tatu." Mhandisi aliangaza uso. "Tuliiona mwaka juzi. Tumeiandika kwenye ripoti kabisa, inaitwa tahadhari ya Shigela. Injini inazunguka upande mmoja, kwa hiyo mzigo kwenye bawa si sawa kushoto na kulia, na wewe uliuhisi kwa mwili kabla vyombo vyetu havijauhisi. Nimewaambia wajumbe jana. Walishangaa."

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Alihitaji maneno machache tu. Lakini alimwona mwanamke huyu aliyempa miaka sita ya kazi, aliyekipa kilema chake jina zuri na kukipeleka mbele ya wajumbe, na ulimi ukawa mzito.

"Basi pandisheni kimo," alisema. "Mita mia mbili."

"Kwa sababu gani?"

Shigela alirudi kuzitazama zile nyaya.

"Meja, nikuambie kama dada yako," alisema Paskalina. "Watu wanakuona unavyomtazama yule binti. Ukienda kwa Brigedia kuomba onyesho lake lipunguzwe, bila sababu, wataita jambo hilo kwa jina lake."

"Wataliita nini?"

"Kijicho."

Alitoka bandani bila kuaga. Alitembea hadi mwisho wa uzio, akarudi. Jambo lililomkera ni kwamba mama yule hakukosea. Alikuwa akimwonea Nasieku wivu kwa jinsi alivyopanda ngazi ya ndege bila kushika reli, na kwa vipimo vyake vya damu, na kwa miaka aliyobakiwa nayo. Ikawa kila akitaka kusema ukweli, ukweli wenyewe ulivaa nguo za wivu, hata yeye akawa hana hakika ni kipi kinachosema. Labda nafasi ilikuwa mita arobaini. Labda binti angeliona mwenyewe. Labda. Alikuwa na labda nyingi, na zote zilimruhusu akae kimya.

Kilichomtoa kwenye kimya hicho ni jambo dogo. Alipita karibu na chumba cha marubani, dirisha likiwa wazi, akasikia vijana wa darasa la Nasieku wakimtania. "Dada, Alhamisi lala tu humo ndani, mzee atakupeleka." Wengine wakacheka. Naye Nasieku akacheka, cheko fupi. Shigela alilitambua. Yeye mwenyewe alicheka hivyo siku aliyokabidhi funguo za kabati lake.

* * *

Alimkuta saa nane mchana kwenye chumba cha kumbukumbu za safari, peke yake.

"Kapteni, nitakuambia kitu, na nakuomba usinikatize. Miaka kumi na moja iliyopita nilijirusha kutoka kwenye ndege iliyokuwa inaungua. Kiti kiliniumiza shingo. Tangu hapo, nikikata kona kali ya kushoto, jicho la kushoto linazima. Nilijifunza kulegeza fimbo kidogo, damu ikarudi, nikaona, nikaendelea. Madaktari walikuwa wananipima chini, nimetulia, kwa hiyo hawakujua. Niliporekodiwa, nililegeza hivyo hivyo. Mkono umejifunza. Alhamisi utakulegezea ndani ya korongo."

Nasieku aligeukia skrini, akaita safari zake zote, akatenga kona kali. Za kushoto zilikuwa arobaini na moja. Katika zote arobaini na moja, sekunde ya tatu, mstari ulishuka. Kisha akaita za kulia, akazipitia moja moja kwa kidole hadi mwisho. Hakuna mstari hata mmoja ulioshuka.

"Mara arobaini na moja," alisema. "Na mimi nilidhani ni mimi. Nilidhani mkono wangu ni dhaifu upande huo. Nimefanya mazoezi ya vyuma miezi minane, afande, kwa ajili ya jicho lako."

"Nisamehe."

"Jana ulijua?"

"Nilijua."

"Ulipeana mikono na watu wote wale, ukaniambia kila la heri."

Shigela aliinamisha kichwa.

"Unanionea wivu," alisema Nasieku. Hakuuliza.

"Ndiyo."

"Na mimi nakuonea. Unajua hilo? Nikitua vizuri, umetua wewe. Nikitua vibaya, nimetua mimi. Kila siku nikiwa juu natafuta mahali mkono wako unapoishia na wangu unapoanzia, sipaoni. Ulikuwa na ndege yako mwenyewe. Mimi sijawahi."

Nje lori la mafuta lilipita, vioo vikatetemeka. Shigela alingoja lipite.

"Kuna njia," alisema, na aliposikia sauti yake mwenyewe alijua inabembeleza. "Sasa unajua. Sekunde ya tatu ukiikaza fimbo kwa nguvu zote, utaushinda. Utapita salama. Nami nitatafuta namna ya kumwambia Paskalina, taratibu, baadaye, airekebishe kama jambo la kawaida."

Ilikuwa njia kweli, na wote wawili waliijua. Onyesho lingefana, jina la mzee lingebaki, na Nasieku angekuwa rubani wa kwanza kupita lile korongo.

"Kabla ya hiyo baadaye, wenzangu tisa watakuwa wamesharuka na Mkono," alisema. "Nao niwaambie wakaze sekunde ya tatu, wasiulize kwa nini?"

"Basi sema wewe. Rekodi unazo."

"Nikisema mimi, watasema mwanafunzi anataka kumpindua mwalimu, na Mhandisi atawaambia ni tahadhari, wataamini." Alizima skrini. "Mimi sisemi, afande. Na Alhamisi siingii korongoni. Nitawaambia naumwa, wamweke Kapteni Sulle, mmoja wa hao tisa. Sasa chagua."

* * *

Brigedia Hamduni Chande, mkuu wa kambi, alimsikiliza asubuhi ya Alhamisi akiwa amesimama. Paskalina alikuwa amekaa, kalamu mkononi, na kadiri Shigela alivyoendelea kueleza kalamu ile ilishuka mpaka ikagusa meza.

"Mbona unalisema leo, Meja?" aliuliza Brigedia.

"Kwa sababu jana na juzi sikulisema, afande."

"Wageni wako njiani. Utaambiwa unamwonea wivu yule binti."

"Namwonea. Lakini jicho halioni."

Brigedia alizunguka meza, akasimama kushoto kwake, karibu kabisa na bega.

"Vingapi?" aliuliza.

"Vingapi nini, afande?"

Paskalina alifunika mdomo kwa kiganja. Shigela aligeuza kichwa ndipo akaona kwamba Brigedia alikuwa amemnyoshea vidole vitatu usoni, karibu kumgusa kope.

"Tangu lini limekuwa hivi?" aliuliza Brigedia, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Kabisa, miezi minane. Zamani lilikuwa kwenye kona tu."

"Nimekipa jina," alisema Paskalina, kama anayejisemea. "Nimewafundisha wanafunzi wangu darasani." Hakumtazama tena Shigela asubuhi ile.

Mambo yakaenda haraka baada ya hapo. Mkono ulizimwa katika ndege zote nne. Jina la Meja Shigela Lusangija lilitolewa kwenye karatasi walizoandaliwa wajumbe, na askari polisi wa kambi akaambiwa amsindikize getini na kuchukua kitambulisho chake. Brigedia alitaka kuliahirisha onyesho. Nasieku, aliyeitwa kutoa rekodi zake, ndiye aliyeomba kuruka na programu kavu, ile ya dharura, inayoushika mchi usianguke na kukuachia mengine yote uyafanye mwenyewe. Alikuwa na saa kumi na moja za programu kavu maishani mwake.

"Juu ya mita elfu moja," alisema Brigedia baada ya kufikiri. "Korongo hapana."

Shigela alimwomba yule askari polisi, koplo mmoja mpole aitwaye Ntahondi, amruhusu asimame na mafundi karibu na lori la mafuta. Koplo alikubali.

Kozi iliondoka vibaya. Iliyumba ikiacha lami, pua ikapanda, ikashuka, na mafundi wakaguna. Ilipanda kwa mikupuo. Kona ya kulia ilikuwa pana na mbaya. Wajumbe chini ya turubai walitazamana, na Shigela alijikuta anafurahi, akajilaani, akaendelea kufurahi.

Kisha ikalala kushoto.

Alihesabu. Moja. Mbili. Kwenye tatu shingo yake ilikakamaa, bega likashuka lenyewe, vidole vyake vikalegea hewani kando ya paja. Ndege haikulegea. Nne. Tano. Ilizunguka ikiwa imekazwa, bila kuomba ruhusa ya mtu, ikatoka upande wa pili.

Alikuwa amedhani wivu aliokuwa nao siku zile ndio kilele. Lakini wakati ule angalau alikuwamo ndani ya ndege. Sasa hakuwamo. Hakuna kitu chake kilichokuwa kule juu, na ilikuwa kona bora kuliko aliyopata kukata yeye tangu alipoumia. Alishika bomba la lori akasimama hivyo mpaka ndege ikatua, ikadunda mara mbili, ikasimama.

Nasieku alishuka. Chini ya turubai wajumbe walikuwa wameinuka, lakini hawakujua waende kwa nani. Hakuwangoja. Alikuja moja kwa moja kwenye lori.

"Ile ya kushoto umeiona?"

"Nimeiona."

"Sema."

Shigela alikuwa amekiona kitu, pale kona ilipoishia, kitu ambacho hata Paskalina asingekiona kwenye skrini leo wala kesho. Akinyamaza, binti angekitafuta mwenyewe mwezi mzima.

"Ukitoka, unanyanyua pua kabla bawa halijakaa sawa," alisema. "Unapoteza kasi. Kwa chini ingekugharimu."

"Kiasi gani?"

Alinyosha kiganja, akakigeuza, akakirudisha. Nasieku alinyosha chake, akafuatisha.

"Hivi?"

"Bado unawahi. Ngoja bawa. Bawa likishakaa, ndipo pua."

Alirudia mara mbili. Ya pili ilikuwa yenyewe. Hakushukuru, wala Shigela hakuitarajia shukrani. Aligeuka akamwambia fundi mkuu ajaze mafuta, kisha akaenda kuzungumza na Brigedia huku akionyesha juu kwa kidole, na baada ya kitambo Brigedia akatikisa kichwa kukubali.

Koplo Ntahondi alisogea. "Afande, samahani. Naomba kitambulisho, halafu twende. Gari liko tayari."

Shigela alikitoa mfukoni, akampa. Macho yake yalikuwa barabarani, ambako ngazi ilikuwa inawekwa tena.

"Dakika tano, kijana," alisema. "Nataka kuona kama amenisikia."